Daftari la Kanali na Magoti ya Idi

Siku tatu kabla ya Idi, Wening alifungua sanduku la marehemu baba yake akitafuta picha yake ndogo, si ile kubwa ya ukutani sebuleni. Zilikaribia siku elfu moja tangu Kanali Darmo afariki, na kwao Java siku hiyo hugawiwa vijitabu vya Yasini, picha ya marehemu ikiwa mbele na wasifu wake chini. Wasifu alipewa Wening auandike.

Picha hakuipata. Alipata daftari. Majina arobaini na moja, kwa mwandiko uleule nadhifu wa kadi zake za kuzaliwa, kila jina na mahali mtu alipofukiwa. La kumi na saba lilisema: Samadi, mwalimu, nyuma ya kiwanda cha sukari, chini ya mti wa msaji wa pili.

Samadi ni baba wa Prasojo, mumewe. Alichukuliwa mwaka wa sitini na tano, wanajeshi walipowakamata na kuwaua walioitwa wakomunisti, asirudi. Mjane wake, Bu Katmi, kila mwaka kabla ya Ramadhani wenzake wakienda kusafisha makaburi, yeye humwaga maua yake mtoni, kwa kuwa kaburi hana.

Kaka yake Wening, Gatot, mwanajeshi naye kama baba yao, alilisoma daftari akiwa amesimama.

"Tia moto."

"Ni baba mkwe wangu, kaka."

"Na huyu ni baba yako. Ukisema, Prasojo atakaa na wewe? Wanao watamwita nani babu? Andika alijenga msikiti na alipenda njiwa wake, yaishe."

Kilichomuudhi Wening ni kwamba Gatot alisema kweli. Daftari alilificha chini ya gunia la mchele, na tangu hapo kila aliyeingia jikoni alimshtua.

Watu walimsifu sana kanali alipomwoza binti yake kwa kijana wa familia waliyoiita chafu, tena akamtilia saini barua ya usafi, kwamba hana ukomunisti, apate kazi. Moyo mkubwa, walisema. Moyo mkubwa! Na kila Idi Prasojo alimpigia magoti mzee huyo, kama mkwe yeyote, akimwomba msamaha. Hilo Wening alilikumbuka kila alipochota mchele.

Asubuhi ya Idi Bu Katmi alikaa kwenye kiti chake sebuleni kwa Wening, amevaa kanga mpya ya batiki, na jamaa wakapanga foleni. Gatot alikuja pia, akasimama mlangoni na sahani ya kuku wa nazi, macho yakiwa kwa dada yake.

"Tangulia," Prasojo alimwambia mkewe.

Wening alipiga magoti, akainamisha kichwa juu ya mapaja ya mama mkwe.

"Mama, nisamehe makosa yangu, ya wazi na ya siri."

Hapo mkubwa hujibu, nimekusamehe, nawe nisamehe, na zamu inakwenda kwa mwingine. Lakini Bu Katmi alimshika viganja.

"Ya siri yepi?"

Nyuma walicheka, wakidhani bibi anatania. Alishusha sauti.

"Siku tatu hunitazami. Baba yako alikuwa hivyohivyo. Idi yake ya mwisho alinipigia magoti, mkubwa kwangu yule, nikaona aibu, nikamsamehe upesi anyanyuke. Akaenda kaburini na siri yake. Wewe sikusamehe mpaka useme."

Wening alijaribu kuvuta mikono. Ile mikono ya kufua nguo za watu miaka thelathini haikulegea. Nyuma yake alikuwa mumewe, mlangoni kaka yake, na mbele yake magoti ya mama huyu. Pa kwenda hapakuwepo.

"Nyuma ya kiwanda cha sukari," alisema. "Msaji wa pili, mama. Baba ndiye aliyeandika, daftarini mwake."

Sahani ya Gatot iligonga meza.

Bu Katmi alifumba macho, kisha akaviachia viganja.

"Nimekusamehe," alisema. "Inuka, mumeo anangoja."

Lakini Prasojo hakuwa akingoja. Alikuwa ametoka kwenye foleni, amesimama chini ya picha ya kanali ukutani, anajipangusa magoti kwa mikono miwili, tena na tena, na yalikuwa safi.