Kaa Jikoni

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumatatu, dada wa mbunifu mmoja wa michezo ya kompyuta alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akavuta kiti karibu na meza ya mdogo wake, akauliza kama chai ipo. Alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita.

"Umenenepa," alimwambia.

"Kazi yenyewe ya kukaa, dada."

Alikuja kwa ajili ya toleo jipya la mchezo wao wa kwanza. Waliutunga sebuleni kwa mama yao, kwenye kompyuta iliyopata joto hadi paka akaifanya kitanda. Dada alitunga mafumbo kwa mdomo huku akipiga pasi. Mdogo wake aliyageuza kuwa picha. Siku moja dada alisema, "Mchezaji aweke kaa jikoni, mlango ufunguke." Mdogo wake alichora kaa mwenye magando, anayetembea upande. Walicheka hadi mama akagonga ukuta. Kaa aliachwa palepale, akipuliza moto, na ndiye wachezaji wanayemkumbuka hadi leo.

Baada ya mazishi, mdogo mtu aliupeleka mchezo kwenye kampuni, akaajiriwa pamoja nao. Sasa skrini ya kwanza ilimtaja mbunifu mmoja tu: mkurugenzi. Mdogo mtu alikuwa ameomba jina la dada yake liandikwe. Siku hiyo waliingia ofisini kwa mkurugenzi wote wawili.

"Shikamoo, dada," alisema mkurugenzi.

"Marahaba. Huyu kaa ulimtoa wapi?"

"Nilimwona ufukweni, likizo. Wazo likaja lenyewe."

"Na kabla hajawa mnyama, alikuwa nini?"

Mkurugenzi alifikiri. "Kaa ni kaa, dada."

"Lilikuwa la moto."

Mwanasheria wa kampuni, aliyekaa kando, aliacha kuandika. Alitazama picha ya jiko, akamtazama kaa, akatabasamu kidogo. Kisha alieleza kwa upole kwamba marehemu hawezi kudai haki ya utunzi.

"Haya," alisema dada.

Walirudi mezani. Dada aliucheza mchezo wote, akakuta mlango mmoja unaofunguka kabla ya wakati. Mdogo wake akaurekebisha. Alasiri toleo jipya lilitoka, likiwa na jina la mkurugenzi.

Kesho yake dada alianza kutunga mchezo mwingine, kwa mdomo, mdogo wake akichora. Fumbo la kwanza lilikamilika saa sita mchana. Mkurugenzi alilipitia, akacheka mahali panapostahili, akaweka jina lake.