Milango Iliyolala

Mafundi walimpa jina la Penseli kwa sababu hakuonekana hata siku moja bila penseli sikioni, ingawa michoro yake yote aliichora kwenye kompyuta. Ile ya sikioni ilikuwa ya kujikunia. Ndiye aliyechora milango na madirisha katika karakana ya baba mkwe wake, na asubuhi hiyo alifika kabla ya wote, moyo ukimdunda kama wa mtoto aliyeiona nguo mpya kabla hajapewa.

Alikuwa na sababu ya kuwahi. Karakana ilikuwa na kazi kubwa ya kutengeneza milango ya bweni, na mwenye bweni alikuwa mama mmoja mcheshi ambaye alibadili vipimo kama mtu anavyojigeuza kitandani. Mafundi wakambatiza Mama Badili. Kila akibadili, mtunza stoo aliingiza kipimo kipya kwenye hifadhidata yake, ghala la taarifa lililomo ndani ya kompyuta ya stoo. Kisha Penseli alikisoma huko na kukiandika upya kwa mkono, mchoro baada ya mchoro. Wiki iliyopita mchoro mmoja ukamponyoka. Mafundi wakakata mlango kwa kipimo cha zamani, ukafika bwenini mfupi, ukaning'inia kama kaptula.

Baba mkwe hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mkwe wangu, nakupenda," alisema, "lakini mlango haujui undugu. Likitokea tena, michoro naipeleka nje, na wewe unarudi kwenye msasa."

Aproni ya msasa ya Penseli bado ilikuwa kwenye msumari wake pale pembeni. Kabla ya kujifunza kuchora, alikuwa amepiga msasa miaka mingi, akalijua vumbi la mbao mpaka ladha yake.

Ndipo alipowakumbuka makro wake. Makro ni tarishi wa ndani ya programu ya kuchorea: unamwandikia maagizo mara moja, naye kila ukimwita anayatimiza, hanuni, haombi chai. Wa Penseli walijua kuchora fremu na kupanga bawaba, lakini walikuwa watoto wa ndani, hawajawahi kuvuka kizingiti. Leo alitaka kumtuma mmoja hadi stoo, aiulize hifadhidata vipimo, arudi navyo, na mchoro ujinyooshe wenyewe.

Akaandika maagizo, akabonyeza. Kompyuta ikakataa. Tarishi alikuwa amefika mlangoni, lakini hakuwa na neno la siri la kumfungulia.

"Wifi!" Penseli aliita kupitia kidirisha cha stoo. Mtunza stoo alikuwa dada wa mumewe, na kati yao utani ulikuwa haukauki. "Naomba siri yako."

"Siri gani tena? Za kaka yangu nilikumwagia zote kabla hujaolewa, ukang'ang'ania."

"Neno la siri la hifadhidata."

"Ala! Kaka umechukua, sasa unataka na stoo?"

"Tarishi wangu atasoma tu, wifi. Hagusi wala hafuti."

"Hata wewe ulikuja kwetu kusalimia tu, mpaka leo hujaondoka."

Lakini alikuja, akipangusa mikono kwenye gauni. "Tazama kule," aliamuru, kisha akatengeneza neno jipya la siri la kusoma tu, akampa tarishi, amelifunika kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu.

Penseli alijaribia kwenye dirisha la choo, lile la mraba. Akabonyeza. Dirisha likatetemeka kidogo, likatanuka, likatulia kwenye kipimo cha stoo sawasawa.

"Limekuja! Wifi, limekuja lenyewe!"

"Rudia nione! Usije ukawa umelisukuma kwa kidole."

Akarudia. Wifi akapiga kigelegele mpaka fundi wa rangi akachungulia kuuliza nani kaolewa.

Kabla kigelegele hakijaisha, Mama Badili akaingia na baba mkwe.

"Jamani, mlango wa jikoni nimeuwaza upya," alisema mama huyo, hata hajakaa. "Uongezeni upana kidogo."

Baba mkwe akamtazama Penseli. "Haya, mchoraji."

"Keti hapa, mama, utazame," Penseli alisema, sauti ikimpanda kwa furaha. "Wifi, ingiza!"

"Nimeingiza!"

Akaita milango yote ya bweni kwa pamoja, akabonyeza. Na milango yote ya bweni ikaanguka chali. Ikawa mifupi na mipana, kama mikeka iliyoanikwa.

"Makubwa!" Mama Badili alisema. "Wanafunzi wangu wataingia wakitambaa?"

Macho ya baba mkwe yalikwenda yenyewe kwenye msumari wenye aproni.

Penseli alihisi ladha ya vumbi la mbao ulimini. Mbona dirisha lilikubali? Akageuka kwenye kidirisha cha stoo, na huko ndani akaiona milango iliyokwisha kutengenezwa: yote imelazwa kiubavu kwenye rafu, kama watu waliojipanga usingizini.

"Wifi, kimo cha mlango unakipimaje?"

"Swali gani hilo? Kutoka kwenye rafu kwenda juu."

"Ukiwa umelala hivyo hivyo?"

"Sasa niuamshe wa nini? Mimi nataka kujua kama utaenea kwenye rafu. Na baba ndiye aliyekataza milango kusimama stoo, eti inapinda."

"Mimi?" baba mkwe alishtuka.

"Wewe, baba."

Penseli akacheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni. Dirisha la mraba, hata ukililaza, kimo na upana ni vile vile! Na yeye mwenyewe, alipoandika kwa mkono, namba kubwa ya mlango aliipa kimo bila kutazama stoo wameiitaje. Akamfungua tarishi wake, akamwagiza upya: kimo cha stoo ndicho upana wa mchoro, na upana wa stoo ndio kimo. Maneno mawili yakabadilishana viti, basi.

Akabonyeza.

Milango ikainuka yote kwa mpigo, kama darasa mwalimu akiingia. Wa jikoni ukiwa na upana wake mpya.

"Tena!" Mama Badili alipiga makofi. "Punguza wa bafuni!" Ukapungua. "Ongeza wa dobi!" Ukaongezeka. "Sasa wa bafuni urudishe ulivyokuwa!" Wifi akaingiza, Penseli akabonyeza, na hakuna mchoro hata mmoja ulioachwa nyuma. Mama wa watu akasahau hata mlango wa jikoni uliomleta.

Baba mkwe alitazama, midomo ikimcheza. Kisha akaenda kwenye msumari, akaitoa aproni, akaikung'uta vumbi nje ya mlango.

"Fundi wa rangi!" aliita. "Chukua hii, haina mwenyewe."

Penseli alibaki akitabasamu kwa kompyuta kama mtu aliyetongozwa nayo. Kichwa cha wifi kikatokeza kidirishani.

"Umesikia, wifi? Kuanzia leo ukinipita hapa bila salamu, milango yako yote naisimamisha stoo nipime upya. Itakuangukia humo humo kwenye kompyuta."

Penseli akasimama, akaunganisha mikono, akapiga goti.

"Shikamoo, wifi."