Ukichanjwa Utawaka

Muuguzi wa zahanati alikaa mezani tangu asubuhi, boksi la barafu lenye chanjo miguuni pake, na aliyeingia alikuwa kuku tu. Ugonjwa ulikuwa ukipita nyumba hata nyumba, lakini kinyozi alikuwa ameshatangaza kwamba ukichanjwa utawaka, na neno la kinyozi husafiri na kila kichwa kinachotoka kwake.

Alasiri akaingia fundi cherehani. Ugonjwa ulikuwa umemchukua mumewe, na binti yake alikuwa mjamzito, siku zimetimia.

"Nichome," alisema. "Nikiwaka, nimewaka."

Jua lilipozama, akawaka. Mwanga ulianzia pale sindano ilipoingia, ukashuka hadi vidoleni, mweupe, usio na joto. Mtaa ule haukuwa na umeme, kwa hiyo fundi alikunja mkono wa gauni, akavuta cherehani barazani na kumalizia suruali ya mteja.

Jirani alikuwa akipita. "Dada, unawaka."

"Nawaka. Hebu nishikie hili pindo."

Kulipokucha, foleni ilitoka mlangoni mwa zahanati, ikapita bombani, ikakunja kona. Watu walisukumana huku wakicheka, wakibishana ni mkono upi wenye faida. Mwalimu alitaka wa kuandikia. Muuza mkaa aliomba yote miwili, akanyimwa. Kinyozi naye alifika, kofia imeshushwa hadi machoni.

"Si wewe uliyesema tutawaka?" muuguzi alimuuliza.

"Nilisema mtawaka. Nilisema ni vibaya?" Akakunja shati. "Wa kulia, sista. Ndio wa mkasi."

Jioni ile ile uchungu ukamshika binti wa fundi. Zahanati haikuwa na hata taa moja. Mama mmoja aliwahi kuvuja damu mle gizani akafa, mkunga akipapasa asijue inatokea wapi. Safari hii wanawake waliacha masufuria motoni, wakaja mbio mikono juu, mtaa mzima ukang'aa walipopita, wakakizunguka kitanda bega kwa bega. Mkunga aliona kila kitu. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Akakitoa taratibu, kama anayemvua mtu mkufu. Mtoto akalia. Vigelegele vikapokelewa nje, vikaenda hadi mwisho wa mtaa, na kinyozi akacheza mpaka kofia ikamtoka.

Baada ya siku chache lori la shirika la umeme lilikuja kuchukua nguzo zilizokuwa zimelala kando ya barabara tangu uchaguzi. Afisa alieleza kwa upole kwamba mtaa umeondolewa kwenye mpango, kwa kuwa sasa una mwanga. Nguzo zinakwenda ng'ambo ya barabara kuu, kwenye majumba ya wakubwa, wanakotaka taa za bustani.

"Na sisi?" aliuliza fundi, mjukuu kifuani.

"Nyinyi hongereni, mama."

Giza lilikuwa linaingia, na vibarua hawakuziona vizuri kamba za kufungia mzigo. Mmoja wao akamwomba fundi amwangazie kidogo. Fundi akamhamishia mjukuu mkono wa pili, akainua ule unaowaka, akautazama mzigo kwa makini.

"Hiyo ya nyuma haijakaza," aliwaambia. "Vuteni tena."