Noti Iliyokataa Kuwaka

Sanyu fundi cherehani hakuwa mtu wa kumeza maneno, na siku Mwalimu Gaetano alipomwambia kwamba binti yake Josline hataenda kambi ya likizo, soko zima la Jebel mjini Juba lilijua. Alisukuma kiti, akasimama mlangoni pa kibanda chake, mikono kiunoni.

"Watoto themanini wanaenda likizo, wangu peke yake anabaki kuangalia ukuta? Kwa kosa gani?"

"Si kosa, Mama Josline," akasema Gaetano. Alikuwa mtu mtaratibu, aliyesomea Nairobi wakati wa vita na kurudi Juba baada ya mkataba wa amani, na sasa ndiye aliyesimamia watoto wa parokia. "Hebu nielewe. Kambi ni wiki nzima ng'ambo ya mto, na hili jua la Desemba unalijua. Mtoto akiungua mikononi mwangu nitakuambia nini? Mlete siku ya mwisho, jioni, aimbe na wenzake."

Jioni! Neno hilo ndilo lililompandisha Sanyu mori. Josline alikuwa na miaka kumi, na miaka yote hiyo alitolewa nje jioni tu. Ngozi yake haikuvumilia jua hata kidogo. Dakika chache nje, uso unavimba, malengelenge yanatoka, na yakipona yanaacha madoa yasiyofutika. Daktari wa ngozi kule Kampala alimweleza Sanyu bila kuficha: ndani ya mwanga wa jua mna miale isiyoonekana kwa macho, hiyo ndiyo inayomchoma, na kila kuchomwa kunamwekea hatari kubwa zaidi mbeleni. Basi likizo za Josline zilikuwa chumba, blanketi dirishani, na kelele za watoto wengine wakipita. Kila mwaka aliwahoji waliorudi kambini: mlikula nini, nani alilia, nani alitumbukia mtoni? Ukimsikia akisimulia baadaye ungeapa naye alikuwapo. Hilo lilimkata mama yake maini.

Lakini mwaka huu Sanyu alikuwa na silaha.

Miezi miwili nyuma alikuwa dukani kwa jirani yake Batula, Msomali wa Garissa aliyeuza vitambaa upande mmoja na kutuma hela upande wa pili. Batula alikuwa akikagua dola ya mteja chini ya kijitaa cha mwanga wa zambarau, na uzi mwembamba uliomo ndani ya noti ukawaka.

"Taa gani hii, Batula?"

"Ya kukamata noti bandia. Usiichungulie, abaay, dada yangu, itakuharibu macho. Mwanga wake hasa huuoni. Ni wa aina ileile iliyomo kwenye jua."

"Wee! Rudia hapo!"

Tangu siku hiyo, kila adhuhuri wateja walipopungua, wanawake hao wawili waliteremsha pazia la duka wakaingia kazini. Kitambaa kinawekwa kati ya taa na noti. Uzi ukiwaka, mwanga umepenya, kitambaa hakifai. Uzi ukibaki giza, kimefaulu. Ile pamba nyeupe ambayo Sanyu alimfunika nayo mtoto miaka yote, kwa imani kabisa, ilifeli vibaya, na Sanyu akalia palepale dukani kwa kukumbuka madoa ya shingoni mwa Josline. Chepesi kuliko vyote vilivyofaulu kilikuwa satini ya buluu iliyokoza, ya magauni ya wasimamizi wa harusi.

Uso ndio uliowatoa jasho, maana mtoto lazima aone. Hadi siku Kizza, kaka yake Sanyu mwendesha bodaboda, alipoingia na helmeti mpya. Batula alimnyang'anya bila salamu, akaweka kile kioo cha plastiki mbele ya taa. Namba za noti zilisomeka vizuri nyuma yake, ila uzi haukuwaka. Batula akapiga vigelegele mpaka mtu wa nje akauliza ni harusi ya nani. Kwa satini ile na kioo kile Sanyu akamshonea Josline gauni refu, glavu, na kofia ya kufunika kichwa kizima.

Sasa Sanyu akamshika mwalimu mkono. "Twende kwa Batula. Na toa dola yako mwenyewe, usiseme mimi iko nakudanganya."

Gaetano alitoa noti ya ishirini, akaipitisha ndani ya gauni lile refu polepole, taa ikiwa nje. Kifuani, giza. Mgongoni, giza. Kofia na kioo chake, giza. Akashika glavu, akaiingiza noti ndani.

"Mama Josline, njoo uone."

Kando ya dole gumba, kwenye mshono, kitone cha kijani kiliwaka. Akasogeza noti, kikawaka kingine, na kingine. Ni matundu ya sindano. Miezi miwili amepima vitambaa, hakuwahi kupima mishono, naye fundi wa miaka kumi na tano! Alijichukia.

"Malesh, pole, mama," Gaetano akasema taratibu, akaikunja noti yake.

"Malesh ya nini? Lori linaondoka lini?"

"Kesho saa nne asubuhi."

"Basi wewe kaa hapo kwa Batula, unywe chai."

Akarudi kibandani mbio. Josline alikuwa nyuma ya pazia zito, alikoletwa kabla jua halijachomoza. "Mama, amekataa?"

"Ameona tundu. Nipe mkasi."

Wakafumua, mama na binti, kila mshono wa glavu, wa kofia, wa gauni. Kila mshono ukatiwa utepe wa satini kwa ndani, na utepe ukashonwa pembeni ili tundu lisikutane na tundu. Josline alishika ncha, akakata nyuzi. Sanyu alijichoma kidole mara mbili akaendelea.

Saa kumi na moja Sanyu aliporudi na nguo, Gaetano alikuwa kwenye kikombe cha nne. Akachukua noti, akapima kidole kimoja kimoja. Giza. Akarudia mishono yote ya gauni. Giza.

"Hii taa imekufa?" akauliza.

Batula akaivuta noti nje ya gauni, uzi ukawaka kijani. Akairudisha, ukazimika. "Sema tena imekufa, Mwalimu!"

"Kalas, yamekwisha," Gaetano akacheka, akatoa orodha mfukoni, akaandika jina la themanini na moja. Kelele iliyotoka nyuma ya pazia la kibanda jirani iliwafanya wote watatu waruke.

Jumatano ilikuwa siku ya wazazi kutembelea. Kizza alimvusha Sanyu daraja, wakaupita mtaa wa Sherikat, wakafika shamba la parokia saa sita kamili. Sanyu alikwenda moja kwa moja kwenye stoo ambayo Gaetano aliifunika madirisha kwa maturubai, mahali pa Josline kula, kunywa maji na kuvua kofia apoe. Stoo ilikuwa tupu.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Uwanjani," akajibu Gaetano. "Tunamkagua kila jioni, hana hata kipele."

Sanyu hakusikia hilo la mwisho. Alikimbia. Kule uwanjani, katikati ya jua jeupe, wasichana walikuwa wakicheza kwepena, wawili wakirusha mpira, na aliyekuwa katikati akiukwepa alikuwa wa buluu kuanzia utosini mpaka vidoleni. Sanyu aliingia kati, leso aliyoifungua kiunoni ikiwa wazi mikononi, akamziba. Mpira ukamgonga yeye mgongoni.

"Mama!" Josline alipiga kelele nyuma ya kioo, amekasirika kweli. "Toka! Nilikuwa nashinda!"

Wasichana wakaangua kicheko. Sanyu akakunja leso yake. Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kivuli cha lori, akaketi na akina mama wengine waliokuwa wakisubiri watoto wao wamalize kucheza.