Hatua Kutoka Mlango wa Jikoni

Jirani yangu Mwantum anasema aliwaona kwa macho yake. Anasema ilikuwa baada ya swala ya alasiri, yeye amekaa barazani anachambua mchele, mara akapita mwanamke wa koti la buluu na watoto sita wa shule nyuma yake, mmoja ameshika kopo la rangi nyekundu. Mwanamke ananyoosha kidole ukutani, mtoto anapiga mstari. Nyumba ya pili, mstari. Ya tatu, mstari. Na pale kwenye kona, anasema Mwantum, kulikuwa na gari jeupe, ndani yake mwanamume wa miwani anaandika.

"Hilo gari uliliona wewe?" nilimuuliza.

"Ilias aliliona."

Ilias ni mwanawe, ana miaka minne, na juzi aliniambia kaona simba kwenye gereji. Gari sikuliamini. Lakini mistari ilikuwepo. Wangu ulikuwa usawa wa kiuno, umelala, na kijiti kifupi cha rangi kinaukata katikati. Ukitazama haraka ni msalaba.

Huku Buyenzi, upande wetu wa mto Ntahangwa, mtu akiona nyekundu ukutani haulizi mara mbili. Nyumba zilizobomolewa ukingoni zilianza hivyo hivyo: kwanza alama, halafu siku za kuhama, halafu mashine. Nyumba hii aliniachia mama. Karatasi haina, ina majirani tu wanaojua ni yetu. Wakiniondoa sina pengine pa kwenda, mimi na Houda, mtoto wa marehemu kaka yangu, anayesoma darasa la sita. Mimi mwenyewe niliishia hapo hapo la sita.

Jioni wanawake walijaa barazani kwa Mwantum. Mmoja alisema walimu wanalipwa kwa kila ukuta. Mwingine alisema madame huyo, mwalimu wa koti la buluu, anatoka mtaa wa Bwiza, hatumjui. Mzee Sulemani, anayepaka rangi magari pale mbele, alikwaruza ukuta wangu kwa ukucha, akanusa.

"Hii si ya serikali. Hii rangi ya gari. Ya kwangu."

"Nani ulimpa?"

Akanitazama mimi, akacheka kidogo. "Muulize mutoto wako, Kudra. Alisema ya kazi ya shule. Mi nilijua anachora bendera."

Sikumuuliza. Houda alirudi akanawa mikono muda mrefu, na bado nikaona wekundu kwenye kucha. Alipokula nilimtazama. Aliponitazama, nikatazama maharage. Siku mbili tukaishi hivyo, kila mmoja anamchunga mwenzake.

Siku ya tatu alipokwenda chuoni kusoma Kurani nikafungua daftari lake. Majina ya nyumba saba yalikuwa yamepangwa, na mbele ya kila jina maji ya mafuriko yalifika wapi mwezi wa nne mwaka jana. Fundi Jovithe, sentimita themanini. Mama Ilias, sabini na sita. Halafu mimi: tisini na nne. Chini ya jina langu kulikuwa na mstari mwingine ambao wenzangu hawakuwa nao. Kumi na nne. Kumi na mbili. Kumi na moja. Tisa. Na alama ya kuuliza.

Nilikaa chini.

Tangu mama alipofariki, miaka mitano sasa, kila mvua ikipita, mimi huamka na birika ya udhu, nikatoka mlango wa jikoni nikatembea hadi ukingo wa mto. Nahesabu hatua. Mwaka ule zilikuwa kumi na nne. Sijamwambia mtu, hata Mwantum, kwa sababu ukilisema jambo kama hilo kila mtu atajua nyumba yako inaliwa na mto. Kumbe mtoto aliyelala nyumbani mwangu alikuwa anaamka pia, ananihesabu kupitia dirisha.

Aliporudi nilikuwa nimeshika daftari.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, shangazi."

"Houda."

"Madame Pascaline alitufundisha kwa nini mvua siku hizi inashuka yote kwa mara moja. Dunia inapata joto, na kule milimani miti imekatwa, hakuna cha kuyashika maji. Tukamuuliza, sasa sisi tufanye nini? Akasema, ninyi mnakaa pale, semeni ninyi. Tukasema mianzi. Ukingo wote. Ina mizizi inayoshika udongo."

"Na nyekundu?"

"Ili watu waone maji yalifika wapi. Tungetumia chaki, mvua ingeifuta." Akaangalia kucha zake. "Hatukufikiria msalaba. Kile kijiti ni cha kupimia."

Jumamosi, baada ya kazi za pamoja, Madame Pascaline alikuja mwenyewe, viatu vimejaa matope. Mwantum akaleta kiti chake karibu na ukuta wangu, eti kuna kivuli.

"Miche tunayo," madame alisema. "Lakini chefu wa karitie, mkuu wa mtaa huu, anataka barua yenye ushahidi kwamba mto unasogea. Mimi nina kipimo cha mwezi mmoja. Wewe, dada, Houda anasema una miaka mitano ya kuhesabu. Weka hatua zako na jina lako, basi."

"Wakisoma tisa," nikasema, "watapanda mianzi, ao watakuja kuweka msalaba wa kweli?"

Nilitaka aniambie uongo, nimfukuze vizuri.

"Sijui," akasema. "Mi naweza kusema apana, lakini sijui."

"Basi andika umekadiria."

"Nikikadiria wataitupa."

"Hee," Mwantum akasema kutoka kwenye kiti chake. "Amekubali mwenyewe hajui. We Kudra, usiguse hiyo kalamu."

Madame aliiacha barua juu ya jamvi, mahali pa hatua na jina langu pakiwa wazi, akaenda. Houda aliikunja akaiweka chini ya mto wake wa kulalia. Hakuniomba chochote usiku ule. Ila kabla ya kulala alisema, kama anaongea na ukuta, kwamba wenzake walitaka kuandika namba bila kuniambia, yeye akakataa.

Alfajiri mvua ilikuwa imekwisha. Nilichukua birika. Nilijua yuko nyuma yangu, sikugeuka. Moja, mbili, tatu. Kwenye ya tano udongo ulikuwa laini. Ya saba niliweka mguu polepole. Ya nane haikuwepo. Pale nilipozoea kumwaga maji kulikuwa na hewa, na chini maji mekundu yanapita na majani ya migomba ya watu wa juu.

Nikasimama pale. Nyuma yangu nikasikia ile barua ikikunjuliwa, na kifuniko cha kalamu.

"Shangazi," Houda akasema, "ni ngapi leo? Niandike?"