Masika Bila Mnyama

Wageni wa kambi ile walikuja kiangazi, kama vitabu vyao vilivyowaelekeza. Walishinda garini wakila vumbi, wakaonyeshwa mkia wa simba nyuma ya kichaka, wakaupiga picha mia tatu, wakarudi kwao wameridhika. Mvua za masika zilipoanza, kambi ilifungwa, na wanyama, waungwana kweli, wakangoja gari la mwisho liondoke ndipo waingie. Tembo walikunywa maji ya bwawa la kuogelea. Swala walizaa nyuma ya mapokezi. Simba mzima mzima alilala kwenye veranda ya chumba cha kulia, mkia pamoja na mwenye mkia.

Mlinzi aliyeachiwa kambi aliyaona yote hayo, na kila Ijumaa makao makuu walipomuuliza kwa redio, alijibu kwamba hakuna mnyama, hata panya. Alijua siku atakayotaja tembo mmoja tu, meneja atawafungulia wageni hata wakati wa mvua. Na masika ndiyo ilikuwa ndoa yake. Mkewe alikuwa dobi wa kambi hiyohiyo. Wageni wakiwapo, kanuni ilimlaza mume bweni la wanaume na mke bweni la wanawake, wakawa wanasalimiana kwenye kamba ya mashuka kama watu waliokutana foleni ya hospitali. Masika mke aliandikwa mlinzi msaidizi, na kwa miezi mitatu hema namba moja lilikuwa lao, kitanda cha futi sita na kelele za vyura. Alimpenda mkewe, basi. Miezi hiyo asingemwachia mtalii yeyote.

Mwaka wa tano meneja alianza kushangaa, akasema anakuja kujionea. Mtu na mkewe walishinda siku mbili wakipiga masufuria kufukuza tembo. Mke alizoa mavi ya tembo kwa toroli, safari kumi na nane, akisema mapenzi mengine yanaumiza mgongo. Simba alihama mwenyewe, kachoshwa na makelele.

Meneja alifika na viatu vyeupe, kwenye matope yale, mtu wa mipango. Alizunguka na darubini, akaona nyasi, kisha nyasi nyingine. Akatia saini kwamba kambi itaendelea kufungwa kila masika. Mlinzi nusura aimbe.

"Ila kama hakuna mnyama, walinzi wawili wanalinda nini?" meneja akauliza. "Mama ataondoka nami leo, akafue kwenye hoteli yetu ya mjini. Na iwe hivyo kila masika."

Mlinzi akadakia. "Bosi, ukweli ni kwamba tembo wapo. Wengi sana. Na simba analala pale verandani."

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. "Miaka mitano hujaona hata panya. Leo mkeo anaondoka, simba kaingia?"

Mke alifunga mzigo wake. Akiwa tayari garini, alimwinamia mumewe dirishani.

"Baba watoto," akasema, "si ungewatajia hata nyani wawili watatu?"

Mlinzi alisimama matopeni mpaka mngurumo wa gari ukapotea, kisha akalia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumsikia.