Gari la Kumlaza Seline

Opondo alikuwa fundi wa bodi, na kama angeridhika kuwa fundi wa bodi tu, mimi nisingekuwa na la kusimulia. Shida yake ilikuwa moja. Hakuweza kuliona gari bovu akaliacha liwe gari bovu. Lori likikatika chasisi pale Kawangware, wewe na mimi tunaona vyuma vya kuuza kwa kilo. Yeye anaona duka linalotembea, lenye dirisha la kuuzia na kibaraza cha kukinga mvua. Volkswagen iliyooza sakafu kwake ilikuwa kibanda cha kinyozi. Na si kwamba aliwaza akanyamaza. Atakushika mkono, atatoa chaki mfukoni, atakuchorea hapo hapo kwenye lami, na magari yakipiga honi nyuma yako anasema, "Ngoja kidogo, sijafika kwa taili, kule nyuma." Jameni, mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Alikuwa anafanyia kazi kwenye ploti ya Mburu, karibu na Riruta Satellite. Mburu alizaliwa papo hapo, wakati kote kulikuwa mahindi na migomba ya babake. Sasa alikuwa amejenga nyumba za kupangisha pande tatu, na upande wa nne akawaachia mafundi. Nyuma ya choo kulikuwa na pikapu ya marehemu babake, Pijo 404, imelala juu ya mawe, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani. Siku moja Mburu akasema, "Opondo, hebu niondolee hiyo takataka, nataka kujenga. Fanya nayo unavyotaka." Jioni hiyo Opondo alirudi kwake Mashimoni, Kibera, kwa miguu, akicheka peke yake njia nzima, watu wanampisha.

Alicheka kwa sababu alishajua gari hilo ni la nani. Lilikuwa la dadake, Seline.

Seline ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Opondo akiwa hajang'oa hata jino la utoto, na Seline, msichana mwenyewe bado, akambeba mgongoni, akamwogesha, akamchapa inapobidi. Alipoolewa Ugenya alienda naye, na mumewe hakunung'unika. Sasa mume alikuwa amekufa, Seline amepanga chumba Kambi Muru, huko huko Kibera, na bintiye Jael, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga. Mwaka ule wa tisini na sita miguu ya Seline ilianza kufura, kisha mgongo nao ukagoma. Kulala aliweza. Kukaa kitako kwa muda alishindwa, jasho linamtoka mpaka unamwonea huruma. Daktari alimpa dawa za maumivu, akamwita Jael nje, akamwambia ukweli.

Seline hakuogopa kufa. Aliogopa jambo lingine. Shemeji zake walikuwa wamemjengea nyumba mpya katika boma la marehemu mumewe, ya udongo, bati juu, na alikuwa hajalala humo hata siku moja. Kwa Wajaluo, nyumba ya mwanamke inasubiri mwenyewe aje awashe moto. "Sitaki kuingizwa mle nikiwa nimebebwa," alikuwa akisema. "Nataka niingie na macho yangu. Niwashe moto wangu, nipike uji wangu, nilale. Baada ya hapo Mungu afanye anavyopenda." Lakini kutoka Nairobi mpaka Ugenya ni safari ya mchana kutwa, na ndani ya basi mtu huketi, halali.

Ndiyo maana Opondo alicheka. Angemtengenezea Seline gari la kulala.

Nicanor, fundi wa injini aliyekuwa akifanya kazi pamoja naye, aliitoa injini ya Pijo ikiwa imeshikana kama jiwe. Akailoweka, akaisugua, akaomba kipuri hapa na pale, na mwezi wa tano ikawaka. Mafundi wote waliacha kazi wakapiga mbinja. Mburu alitoka nyumbani na kikombe cha chai mkononi, akasimama akiisikiliza ile sauti ya gari la babake, akarudi ndani.

Nicanor alipangusa mikono kwa kitambaa. "Omera, ndugu yangu, gari ndiyo hii. Tupa godoro huko nyuma, funga turubai juu, Jumamosi tumpeleke mama. Mimi mwenyewe nitaendesha."

Opondo alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Dada yangu si gunia la viazi, Nicanor."

Haki ya Mungu, kama ningekuwepo ningemshika shati. Gari linanguruma, tanki lina mafuta, dereva anajitolea, na yeye anazungumza habari za viazi! Lakini hakukuwa na wa kumshika. Alikuwa ameshatoa chaki, anachora kwenye ukuta wa mabati. Akachora paa lililoinuka, ili anayemhudumia aweze kusimama. Akachora kitanda kilichoning'inia kwenye springi, ili mashimo ya barabara yasimfikie mgonjwa. Upande wa kushoto akaweka dirisha refu, chini kabisa, usawa wa mto. "Tukianza kuteremka, Bonde la Ufa lote litakuwa hapa," akasema, akigonga mabati kwa kidole. "Hata kichwa hatainua."

"Na hii ni nini?" akauliza Mburu, aliyekuwa amekuja kutazama.

"Jiko."

"Jiko la nini ndani ya gari?"

"Wewe hunywi chai?"

Mburu alicheka mpaka akakohoa. Hata Nicanor alicheka, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu ukimchekea Opondo anadhani umekubali.

Jumapili baada ya kanisa alikuwa akienda Kambi Muru, anakaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha dadake, anachora gari lile ndani ya mlango kwa chaki. Seline alilala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, akifuata kila mstari. Na alikuwa na maneno, usidhani! "Mbona mlango uko nyuma? Nitashuka kama maiti?" Opondo anafuta, anauhamishia pembeni. "Na kuku wangu utawaweka wapi?" Opondo anachora tundu la kuku. "Weka na pazia, watu wa Nakuru wasinichungulie." Jael, akiparua magamba ya samaki mlangoni, anacheka mpaka kisu kinamponyoka. Chumba kile kilikuwa na furaha siku hizo, siwezi kudanganya. Opondo aliondoka pale kifua mbele, akijiambia kwamba dadake anasikia nafuu, kwamba hili gari limeanza kumtibu kabla hata halijamalizika.

Aliuliza mara moja tu. "Sasa tutaenda lini, mtoto wa mama?"

"Bado kidogo. Kitanda tu."

"Sawa," akasema Seline, na akarudi kwenye habari za kuku.

Mwezi wa saba ulikuta sanduku la gari kuukuu la mikate limeungwa nyuma ya Pijo. Opondo alikuwa amelipata Dagoretti kwa kubadilishana na kazi ya kunyoosha mlango wa mtu. Lilikaa vizuri. Lilikuwa na paa, lilikuwa na mlango wa pembeni, kitanda kilikuwa cha mbao lakini kilikuwa kitanda. Nicanor alilizungusha mpaka Satellite na kurudi, akashuka akisema, "Haya. Usiniambie kitu kingine. Jumamosi."

Opondo alikubali. Kweli kabisa, alikubali, hata akamtumia Jael ujumbe aanze kufunga vitu. Kisha Alhamisi alisogea nyuma hatua chache kulitazama kwa mbali, akakunja uso. Paa lilikuwa limeinama kidogo upande mmoja, kama mtu aliyeazima kofia. Akazunguka, akalitazama kwa upande wa pili. Halafu akaliona lile gari jingine, lile la kichwani mwake, paa limenyooka, dirisha limekaa mahali pake, na kitanda kinaning'inia kwenye springi za kweli. Aliona aibu kumpakia Seline katika kitu ambacho yeye mwenyewe angekikosoa kama kingekuwa kazi ya fundi mwingine.

"Wiki mbili tu," alimwambia Nicanor, na msumeno ulikuwa tayari mkononi.

Nicanor alifungia vifaa vyake sandukuni. Alivaa koti lake akaenda nyumbani jua likiwa bado juu.

Wiki mbili zikazaa nyingine. Springi alizopata zilikuwa ngumu mno, akatafuta laini. Kioo cha dirisha kikapasuka. Jumapili alienda Kambi Muru akachora, na Seline alitazama, ila sasa alikuwa akifumba macho katikati ya maelezo na Opondo akishusha sauti, akiendelea kuchora polepole ili asimwamshe.

Jael alimkuta Opondo juu ya gari, Jumatano asubuhi, paa lote limeng'olewa na limewekwa chini kama sufuria. Alikuwa ametembea kutoka Kibera bila leso kichwani. Mafundi walimwona, nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine, na Opondo ndiye aliyekuwa wa mwisho kusikia ukimya.

"Nera," Jael akaita, kama mtoto anavyomwita ndugu ya mamake. "Nera, shuka."

Alishuka. Alijua kabla miguu haijagusa chini.

Seline alipelekwa na Wabwire, jirani wa Kambi Muru, aliyekuwa akipeleka mitumba Busia kila wiki kwa pikapu yake. Walitandika godoro nyuma, wakaliweka jeneza juu yake lisigongwegongwe, wakafunga turubai. Opondo aliketi pembeni, mkono juu ya mbao, njia nzima. Alikuwa na muda wa kulitazama lile godoro. Lilikuwa la kawaida tu, la sponji, limechanika pembeni, na alilichukia kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Waliposhuka bondeni aliinamisha kichwa asione nje.

Ugenya walikuta nyumba imeshawashwa moto. Mke wa shemeji ndiye aliyeuwasha, kwa sababu maiti haiwezi kuingizwa katika nyumba baridi, na alifanya hivyo kwa heshima zote, huku analia. Wanaume wakamwingiza Seline kupitia mlango wa mbao ambao hakuwahi kuushika, wakamlaza sebuleni usiku wake mmoja. Kulikuwa na mafiga mapya, na chungu ambacho hakijapikiwa. Opondo alisimama uani, moshi ukipenya chini ya bati, akalia kwa sauti, mpaka wazee wakamshika mabega. Walidhani analia kama watu wengine wanaolilia ndugu zao, na aliwaacha wadhani hivyo.

Kesho yake baada ya mazishi, watu wakiwa wamepungua, alimkuta Jael nyuma ya nyumba akisugua sufuria kwa majivu. Wabwire alikuwa anageuza pikapu yake langoni, na Opondo, ili tu aseme kitu, akasema, "Huyu mtu ametufaa sana. Sikujua ana moyo hivi."

"Anao," Jael akasema. "Hata mwezi wa sita alikuja kumchukua Mama."

"Kumchukua wapi?"

"Kumleta huku. Alisema gari linaenda tupu wiki hiyo, Mama alale nyuma, mimi nikae naye. Akarudi tena mwezi wa saba kuuliza." Jael hakuwa anamtazama. "Mama alikataa. Alisema, 'Nikienda na Wabwire, Opondo atamkabidhi nani ile gari? Wacha nimngoje.'"

Opondo aligeuka kuitazama ile pikapu langoni.

"Aningoje na miguu ile?"

"Na miguu ile."

"Jael, mbona hukuniambia?"

Jael alimwaga maji machafu kando, akaichukua sufuria nyingine.

"Alinikataza, nera. Alisema tangu uwe mtoto hajakuona ukifurahi hivyo."